Aligonga Mara Mbili

Neno lenyewe lilianzia kwenye duka la mkate, na tangu siku hiyo halikutoka masikioni mwangu.

"Odile, shoga yangu," Ginette muuza mkate aliniambia huku akinifungia mkate wangu kwenye karatasi, "mimi umbeya siupendi, unanijua."

Ginette bila umbeya angekuwa ameshafunga duka.

"Wanasema Maylis wako anawachekesha wageni kule kasrini kwa kifo cha Régis. Eti alikufa kwa kiu. Wageni wanashika mbavu! Tena hawaambii kama ni babake."

"Nani anasema?"

"Kila mtu. Dereva wa basi la watalii. Yule mama wa posta. Mimi nimeambiwa tu, usininunie."

Nikaondoka, mkate nikauacha juu ya kaunta. Ginette akanifuata hadi mlangoni akiita, "We Odile, mkate wako!" Sikugeuka.

Kwa ambao hawakuwa nami wiki zilizopita, nawafupishia. Mume wangu, Régis Castagnet, alifia ndani ya tangi la mvinyo katika kasri la Vaurignac, mwezi wa Oktoba, mwaka 1972. Hakufa kwa pombe. Alikufa kwa hewa mbaya. Zabibu zikichachuka hutoa hewa isiyoonekana, nayo hulala chini ya tangi kama maji yanavyolala kisimani. Anayeingia humo anazimika.

Watu wa maghala wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana wana desturi ya mshumaa. Kabla mtu hajaingia tangini kutoa makapi ya zabibu, mshumaa unatangulizwa mlangoni. Ukizimika, haingii mtu. Siku ile Bwana Gonzague, mwenye kasri, alikuwa na wanunuzi uani. Akasema mambo ya mishumaa yanamchelewesha. Régis akaingia hivyo hivyo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, bwana huyo huyo akaja jikoni kwangu na karatasi. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya msingi, kwamba mume wangu alikuwa amelewa tangu chakula cha mchana. Nikatia sahihi. Kwa sahihi ile tukaachiwa nyumba ya kasri, mimi na mwanangu wa miaka minne, na mimi nikaachiwa kazi yangu ya kupogoa mizabibu.

Maylis sikumwambia. Akakua akijua yeye ni binti wa mlevi.

Ndiye mtoto pekee niliye naye. Kwa miaka ishirini na minne nimeogopa jambo moja tu hapa duniani: siku atakapojua karatasi ile aliiandika nani.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Mtaniuliza kwa nini sikumngoja Jumapili aje kula, nimwulize mezani. Nilijaribu. Jumapili alikuja na keki ya tufaha, akakaa, akaeleza habari za chumba chake kipya mjini, na mimi nikamwongezea viazi. Nikamwongezea tena. "Mama, unataka nipasuke?" akasema. Akaondoka na swali langu bado liko tumboni.

Basi Jumamosi nikavaa koti langu la mazishi, nikajifunga kitambaa kichwani, nikaingia Vaurignac kwa lango la mbele.

Miaka thelathini na minne nimefanya kazi pale, sijawahi kupita lango lile. Sisi wa mizabibuni tunapitia nyuma, kwenye banda la matrekta.

Dada wa tikiti akanitazama kuanzia viatu.

"Mama, wapogoaji ni mlango wa nyuma."

"Najua. Leo nimekuja kutembea."

"Kutembea? Yaani unalipia kutazama unachokitazama kila siku?"

"Kwani faranga zangu zina kasoro?"

Akacheka, akanikatia.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wazee wawili wa Kiingereza, bibi na bwana harusi kutoka Lyon walioshikana mikono kama wanaogopa kuibiwa, na Wabelgiji. Nikajificha nyuma ya Mbelgiji mmoja mpana kama mlango wa zizi.

Maylis akatokea na sketi yake ya bluu. "Karibuni Vaurignac," akasema, na sauti ikawa ile ya babake, ile ya kuita watu waje kula. Nikainamisha uso.

Pale Vaurignac kuonja kunatangulia, ili wageni washuke ghalani wakiwa wamechangamka. Tukapangwa kwenye meza ndefu. Akatufundisha kuizungusha glasi, kunusa, kuchukua funda, kulizungusha mdomoni, kisha kutema kwenye ndoo.

"Hapa kutema ni heshima," akasema. "Anayemeza ndiye tunayemwonea wasiwasi."

"Mimi nimelipa, dada," yule Mbelgiji akajibu. "Namimina kooni mpaka nimalize thamani ya tikiti."

Wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama Maylis mdomo. Mvinyo wa kwanza, akatema. Wa pili, akatema. Wa tatu, akatema na akajipangusa. Mwanangu hajawahi kumeza mvinyo maishani mwake. Kwenye harusi ya binamu yake aliinua glasi ya maji. Shuleni walimwita Kizibo, binti wa chupa. Darasa la kwanza tu, na tayari ana jina.

Akawa anapita na chupa, mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Na wewe mama, umeuonaje..."

Akasimama. Akainama kama anayenimiminia, akasema kwa kunong'ona.

"Mama? Unafanya nini hapa?"

"Nimelipa."

"Umelipa! Si ungeniambia nikakueleza yote bure mezani?"

"Nataka kuyasikia hapa hapa."

Macho yakambadilika. "Ginette."

"Ni kweli?"

"Mama, niko kazini."

"Ni kweli unamcheka baba yako?"

"Nacheka mimi kabla hawajanicheka wao. Nilijifunza hivyo darasa la kwanza. Wewe ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nimeufungua.

"Mwanangu, kuna jambo..."

"Baadaye. Tafadhali, usiniharibie kazi."

Na mimi nikashukuru, ndugu wasomaji. Siwafichi. Nilishukuru kwamba amenikata kauli.

Tukashuka ghalani.

Sikuwa nimekanyaga mle tangu walipomtoa Régis. Lakini pua haisahau. Nilipofika ngazi ya mwisho nikajua kuna makapi mabichi mahali. Makapi yaliyokauka yana harufu ya ngozi kuukuu. Mabichi yanachoma puani.

Maylis akawapeleka moja kwa moja kwenye tangi namba saba. Ni tangi la mbao, kubwa kama chumba cha kulala, lenye kimlango chini ambacho mtu mzima hupita kwa kutambaa. Lilikuwa tupu miaka mingi, limewekwa kwa ajili ya wageni. Ila mwaka huu zabibu zilizidi, na sisi tuliozivuna tulijua kwamba matangi ya chuma hayakutosha wakalijaza tena lile la zamani.

Nikatazama chini. Sakafu mbele ya kimlango ilikuwa na maji mekundu. Inzi wadogo wa matunda wanaruka. Nikaelewa: wameutoa mvinyo asubuhi hiyo, na makapi bado yamo ndani, yanangoja vibarua wa Jumatatu.

Feni la kupulizia hewa lilikuwa pembeni, waya umekunjwa.

Nikapaza sauti kama mgeni mwingine yeyote. "Hilo feni mbona limezimwa?"

"Bwana Gonzague hapendi liwashwe wageni wakiwepo," Maylis akajibu bila kunitazama. "Lina kelele."

Kisha akapiga makofi, akaanza.

"Mabibi na mabwana, hapa ndipo alipofia Régis. Wengine wakitaka mvinyo wanamimina kwenye glasi. Régis aliona uvivu wa kumimina, akaingia mwenyewe!"

Kicheko. Bibi harusi akajificha uso begani kwa mumewe.

"Wazee wetu walisema matangini kuna hewa mbaya inayoua. Wanaghala wavivu waliipenda sana hiyo hadithi, iliwapa mapumziko. Lakini aliyefia humu sote tunajua alikufa kwa nini."

Sikilizeni vizuri hapo. Karatasi yangu haikumchafua Régis peke yake. Kwa maandishi yangu, Vaurignac hakujawahi kuuawa mtu na hewa. Mwanangu mwenyewe hakuiogopa kwa sababu mimi nilikuwa nimeifuta.

Akawasha mshumaa.

"Walikuwa wanautanguliza mshumaa mlangoni. Ukizimika, basi roho ya Régis imeupuliza, inaomba glasi moja."

Akapiga magoti, akausogeza mshumaa kwenye kimlango. Baadaye niliambiwa kwamba siku zote huupuliza mwenyewe kwa pembe ya mdomo. Siku hiyo hakuwahi kupuliza. Mwali ulipofika mlangoni ukalala, ukawa wa bluu, ukafa.

Nilimwona akishtuka. Kidogo tu. Kisha akacheka zaidi ya wote.

"Loo, leo ana kiu kwelikweli!"

Nilitaka kusema "usiingie", na sauti ikakataa, kwa sababu nikisema usiingie ataniuliza kwa nini, na nikimjibu kwa nini nitakuwa nimesema yote. Nilivuta pumzi mbili nikitafuta namna ya kumzuia bila kujitaja.

Pumzi mbili tu, ndugu zangu. Ya tatu alikuwa ameshaingia.

"Anaingia kumwuliza Régis kama yupo," Mbelgiji mmoja mwanamke akatueleza, maana alikuwa amekuja mwaka uliopita. "Anagonga mara tatu, halafu anatoka. Mzuri sana huyu binti."

Ko.

"Moja!" wageni wakahesabu.

Ko.

"Mbili!"

Tukangoja.

"Régis amelala," yule Mbelgiji mpana akasema. Wakacheka tena.

Tukangoja.

"Amezimika!" nikapiga ukelele. "Ni hewa! Mwanangu amezimika!"

Bwana harusi wa Lyon, kijana mwenye moyo mzuri, akajirusha kwenye kimlango. Nikampiga kifuani kwa mikono miwili hadi akakaa chini.

"Usiingie! Ukiingia mnakuwa wawili!"

Ndivyo maghala yanavyoua. Anaingia mmoja, anafuata wa kumwokoa, anafuata wa kumwokoa mwokoaji.

Nikamgeukia yule Mbelgiji mpana. "Baba, nishike miguu. Nikilegea, nivute."

Hakuuliza neno. Nikavuta pumzi, nikafunga mdomo, nikaingiza kichwa na mkono hadi begani. Giza. Makapi yenye joto. Nikapapasa, nikapata kiatu, kikachomoka. Nikapapasa tena, nikapata kifundo cha mguu. Masikio yanalia. Nikakaza, na yule mtu akatuvuta wote wawili kama anayeng'oa kisiki.

Midomo ya mwanangu ilikuwa na rangi ya zabibu.

Wakambeba hadi uani, wakamlaza majanini. Nikampiga makofi. Nikamwita. Nikamwita majina yote niliyowahi kumwita, hata la uchanga. Akakohoa. Akavuta hewa kwa mlio mbaya, akakohoa tena, akatapika.

Nikamshukuru Mungu, na kabla sijamaliza nikasikia fimbo kwenye kokoto.

Bwana Gonzague. Ana miaka sabini sasa, lakini amenyooka vilevile. Akamtazama Maylis, akawatazama wageni, akaitazama meza ya kuonjea iliyokuwa inaonekana dirishani na glasi zake.

"Maskini," akasema. "Nilimwonya asinywe akiwa kazini."

Kisha akamgeukia karani wake. "Andika kwamba alikuwa ameonja."

Ilikuwa sauti ile ile ya jikoni kwangu. Hakuipandisha, hakuishusha. Alisema kama anayeagiza chai.

"Hakunywa," nikasema.

"Odile wangu, umeshtuka, nenda kapumzike..."

"Alitema. Zote tatu. Hawa wote wameona."

"Ni kweli, bwana," Mbelgiji akasema, bado anahema. "Aliyemeza ni mimi."

Na hapo ndipo Maylis, akiwa bado amelala, akanishika upindo wa koti.

"Mama. Ulijuaje?"

"Tulia, mwanangu, usiongee."

"Wote walidhani nacheza. Wewe ukasema ni hewa. Ulijuaje?"

Ningeweza kusema mama hujua tu. Ningeweza kusema nilisikia moyoni. Uongo wa namna hiyo ninao tele.

"Kwa sababu ndiyo iliyomuua baba yako."

"Baba alikuwa amelewa."

"Hakuwa."

"Odile," Bwana Gonzague akasema, "angalia unachosema."

"Kuna karatasi," Maylis akasema. "Iko ofisini, kila mtu anajua. Kuna mtu alimwona, akaandika."

"Hakumwona."

"Nani?"

Nikatazama majani.

"Mama. Nani aliyeandika?"

"Mimi."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya. Aliutazama mkono wangu uliokuwa juu ya goti lake, akaunyanyua kwa vidole viwili, akauweka pembeni kwenye majani, kama mtu anayeondoa kiwavi.

"Siku ya Watakatifu Wote," akasema taratibu, "ulikuwa unachukua maua unanishika mkono twende makaburini. Mimi nakataa. Unakumbuka nilikuwa nakuambia nini?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Ulikuwa unasema hupeleki maua kwa mlevi."

"Na wewe ulikuwa unanijibu nini?"

Akangoja. Wageni wote wakangoja.

"Nilikujibu, sawa mwanangu, baki ucheze."

Bibi harusi wa Lyon akaanza kulia, yeye ambaye hata hatujui.

"Huyu bwana aliogopa mahakama," Maylis akasema. "Wewe uliogopa nini?"

"Tungelala wapi? Ulikuwa na miaka minne."

"Haya. Nilipokuwa na kumi? Na ishirini? Sasa nina kwangu, mama, nina chumba, nina ufunguo. Jumapili uliponiongezea viazi, ulikuwa unaogopa nini?"

Jibu lilikuwa yeye. Nilikuwa naogopa uso ule ule aliokuwa ananitazama nao. Lakini nani atasema hivyo akaeleweka? Nikakaa kimya, na nadhani alikichukua kimya changu kuwa jibu.

Gari la wagonjwa likafika. Wakamweka kwenye machela, wakamvalisha kifuniko cha hewa. Nikapandisha mguu nami niingie.

"Samahani, mama," mhudumu akanizuia. "Ni ndugu tu. Dada, huyu ni nani wako?"

Maylis akakisogeza kile kifuniko pembeni.

"Mgeni," akasema. "Alikuwa kwenye kundi langu."

Wakafunga mlango.

Nilienda hospitali Jumapili, nikaambiwa mgonjwa hapokei mtu. Nilienda Jumatatu, nikaambiwa ameruhusiwa. Nikapanda hadi chumbani kwake mjini. Niliona taa chini ya mlango, saa kumi jioni. Nikabisha. Taa ikazimwa.

Nikakaa kwenye ngazi, nikasema yote kupitia mbao za mlango: wanunuzi, mshumaa, karatasi, jiko. Nikasema babake alikuwa hanywi mpaka kazi iishe, na kwamba siku ile alikuwa amekula mkate na jibini na kitunguu na akanywa maji ya kisimani, nilimpelekea mwenyewe. Jirani wa juu akashuka, akanipita, akasema, "Mama, huyo dada ametoka tangu saa tisa." Basi sijui taa ilizimwa na nani. Sijui kama kuna aliyenisikia.

Jana, Jumanne, Bwana Gonzague akaja jikoni kwangu.

Akakaa kwenye kiti kile kile. Akaweka kofia gotini. Akatoa karatasi.

"Odile wangu," akasema, "nyumba hii ni ya wafanyakazi wa kasri. Mtu anayelishitaki kasri si mfanyakazi wa kasri. Siku ya Mtakatifu Martino mikataba yote ya shamba inaisha, unajua. Ni wiki tatu."

"Ninajua siku ya Mtakatifu Martino, bwana."

"Basi soma."

Ilikuwa imepigwa taipu safi. Inasema kwamba Maylis Castagnet, mwongozaji wa wageni, aliingia tangi namba saba bila kuagizwa na mtu, akiwa amekunywa. Inasema nyumba ya mama yake haitaguswa mpaka mama huyo atakapokufa.

"Sitii sahihi," nikasema. "Mara hii hapana. Nitupe nje leo kama unataka."

Akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa na huruma. Ndilo lililoniogopesha.

"Hujafika chini, Odile."

Nikashuka hadi chini. Palikuwa na sahihi moja tayari.

Ilikuwa ya Maylis.

"Nilimwendea Jumatatu mchana," akasema. "Nilimweleza habari ya Mtakatifu Martino. Hakubishana. Aliomba kalamu. Akasema, mama abaki na nyumba yake, mimi sina haja ya kumwona."

Mtoto ambaye hajawahi kumeza tone moja amejiandika mlevi, kwa mkono wake, ili mimi nisilale nje. Na hataki kuniona.

"Inahitajika ya shahidi tu," bwana akaendelea, akanielekezea kidole mahali. "Wewe ulikuwepo. Usipotia, ya binti yako haina maana, na yeye atakuwa amejichafua bure. Ukitia, yamekwisha. Si unaona ni jambo dogo?"

Alingoja. Saa ya ukutani ikapiga. Mwishowe akainuka, akaiacha karatasi na kalamu mezani. Amesema atarudi kesho, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Nawaandikia kwa kalamu hiyo, kwa kuwa nyingine sina. Nisipotia sahihi, naikataa zawadi ya mwisho ambayo mwanangu amenipa. Nikitia, nimewazika wawili kwa mwandiko mmoja. Sijui nitafanyaje. Elimu yangu ni ndogo, sina wa kumwuliza. Lakini mliofika hapa nami mna watoto, wengine mnafanya kazi za mashimo na matangi, na wengine mnapenda kutembelea maghala ya watu. Yaepukeni haya:

Kuingia kwenye tangi, kisima au shimo lenye kitu kinachochachuka kabla ya mshumaa kutangulia.

Kumfuata aliyezimika ndani. Mvuteni mkiwa nje.

Kuzima feni kwa ajili ya wageni.

Kuligeuza onyo la wazee kuwa mchezo wa kuchekesha.

Kumsingizia marehemu, hata kama mnaambiwa hatasikia.

Kumwongezea mtoto chakula wakati mnatakiwa kumwambia neno.

Kusema bado ni mdogo. Kisha kusema ameshakuwa mkubwa, amezoea.

Kutia sahihi mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti chenu anangoja.

Kulala kwenye nyumba ambayo mwanenu ameilipia kwa jina lake.